Uzi na Mikono

Wahenga walinena: mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Kwetu Ukunda upwa hauko mbali, lakini wali wetu ulitoka kwenye uzi.

Mama hufuma kwa kulabu tangu usichana wake. Vitambaa vya meza na kofia za watoto wachanga alikuwa akivigawa bure kwenye arusi na arubaini. Mwaka 2020 korona ilipofunga hoteli za Diani, baba akarudishwa nyumbani, na karo ya kaka ikawa kitendawili. Ndipo mama akaanza kuuza.

Wateja walikuwepo, taabu ilikuwa bei. "Dadangu, uzi wenyewe shilingi 300, nipe kwa 400 basi!" jirani alimwambia. Mama akaona haya kukataa.

Mimi, nikiwa darasa la sita, nilichukua daftari nikapiga hesabu ya kitambaa kimoja: uzi 300, sehemu ya nauli ya kwenda kuununua Mombasa 40, kazi siku 3. Lo! Mikono ya mama ilipata shilingi 20 kwa siku!

Toka siku hiyo bei ni 900, na nusu yalipwa kwanza. Masika, watalii wakiadimika, mama hufuma kofia za wachanga wa hapa hapa na kuweka akiba ya vitambaa vya Desemba. Jirani alinuna wiki mbili, halafu akaja na pesa taslimu.

Wanachama wenzangu, atakayeuza kazi ya mikono na auze na mikono pia, si uzi peke yake.