Sikukuu za Majirani Zetu Hapa Kakuma

Mwezi huu tutembee kidogo hapa Kakuma, kambi iliyoanza mwaka 1992, tuone majirani wanavyosherehekea kati ya Septemba na Novemba.

Tuanze kwa ndugu zetu Waethiopia. Mwaka wao mpya ni tarehe 11 Septemba, na mara moja kila miaka minne ni tarehe 12. Wao wana miezi 13: miezi 12 ya siku 30, na mmoja mdogo wa siku 5 au 6. Kwao watoto hubeba maua ya manjano, adey abeba. Hapa kwenye vumbi hatuyaoni, basi wanafunzi wetu wanayachora kwenye karatasi na kuyapeleka nyumba kwa nyumba.

Mwezi huo huo Waothodoksi wana Meskel, ukumbusho wa kupatikana kwa Msalaba wa Yesu. Mkesha wake wanawasha moto mkubwa, Demera. Shida ya kuni mnaijua wenyewe. Kila mama anatoa kijiti kimoja jikoni kwake, moto unawaka.

Mwaka 2023 Meskel na Maulidi ziliangukia wiki moja, kwa sababu Maulidi hufuata mwezi na kila mwaka hurudi nyuma siku kama 11. Sisi walimu tukaweka mtihani wiki hiyo hiyo, bila kuuliza mtu. Madawati mengi yalibaki tupu. Binti mmoja alikuja na gauni lake jeupe la sikukuu, akafanya hesabu huku anachungulia dirishani. Kwa kweli tuliona aibu.

Tarehe 2 Novemba Wakatoliki wanaombea marehemu. Wakongo na Warundi wengi waliacha makaburi nyumbani, hawawezi kwenda kuyafagia. Mama mmoja jirani yetu huwasha mshumaa mlangoni na kutaja majina ya watu wake, mmoja mmoja. Jirani yake Msomali jioni hiyo huzima redio. Hakuna aliyemwambia.

Sisi walimu ilibidi tufundishwe na madawati matupu. Kwa hiyo tunawaomba, wazazi na walezi: kabla ya muhula kuanza, tuleteeni tarehe za sikukuu zenu, za dini yoyote. Tutaziandika ukutani, halafu ndipo tupange mitihani. Karibuni sana.