Ilirudi
Diski ya kompyuta yetu ya nyumbani ilipokufa, ilikwenda na picha za Komunyo ya Kwanza ya binti yetu pamoja na daftari la michango ya jumuiya. Fundi alijitahidi, ikashindikana. Ndipo tukatafuta programu ya bure ya kuhifadhi nakala. FreeFileSync ilitupendeza kwa wepesi, lakini tulipoipanga ifananishe diski mbili, faili iliyofutwa huku kwa bahati mbaya iliondoka na kule. Tukachagua Duplicati: hutunza matoleo ya zamani, tena huyafunga kwa nenosiri. Nenosiri likipotea, hakuna wa kuyafungua, basi tumeliandika kwenye karatasi iliyomo kabatini. Jumapili baada ya Misa tulijaribu kurudisha faili moja. Ilirudi. Picha za Komunyo hatunazo.