Haikuwa Bega

Wageni wakija kwetu Ziwa hutaka kuona kovu. Linaanzia nyuma ya shingo, linashuka kati ya uti wa mgongo na fupa la bega, kisha linapinda kuelekea kwapani. Wananipa pole, wanauliza kisu kiliumaje. Kisu nilikivumilia. Kilichonitoa jasho ni kukingoja.

Maumivu yalianza bega la kulia, yakateremka kwa ndani ya mkono hadi kidole cha mwisho. Zahanati moja ilinichoma sindano za baridi yabisi. Nyingine ilisema ni TB, maana eksirei ilionyesha doa juu kabisa ya pafu, na TB hupenda kukaa huko huko. Makohozi yalipopimwa hayakuwa na kitu. Dawa nikapewa vivyo hivyo, nikameza. Jioni moja nikikamua, kidole cha mwisho na cha pete vikakataa kubana chuchu. Maziwa yakawa yananichuruzikia kwenye kifundo cha mkono badala ya kuingia ndooni. Mama mkwe, aliyeshika kamba ya ndama, akaniuliza, "Binti yangu, mbona jicho moja linasinzia?"

Kope hilo ndilo lililonifikisha Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret. Daktari alinitazama macho kabla hajagusa karatasi zangu. Mboni ya kulia ilikuwa ndogo kuliko ya pili, na shavu la upande huo lilikuwa halitoi jasho. Uvimbe wa kileleni mwa pafu hubana mishipa ya fahamu iendayo jichoni na mkononi. CT skani, na kipande cha nyama kilichochukuliwa kwa sindano, vikathibitisha saratani. Madaktari huuita uvimbe wa Pancoast, kwa jina la Mmarekani Henry Pancoast aliyeueleza mwaka 1924 na tena 1932.

"Mtautoa lini?" mume wangu akauliza.

"Bado, mzee. Kwanza kemo na mionzi kwa pamoja, ndipo tukate."

Nyumbani maneno yakaanza. Harambee ilikuwa imechanga pesa za upasuaji, sasa mashemeji wanaona zinaishia kwenye nauli. Tunazungushwa, walisema. Daktari akatuketisha. Zamani uvimbe huu ulihesabiwa hauna tiba. Miaka ya 1950, kule Dallas, mgonjwa alipigwa mionzi ili apunguziwe maumivu tu. Uvimbe ukanywea, daktari Robert Shaw akaweza kuukata. Baadaye Wamarekani wakaongeza kemo. Katika matokeo waliyoyatoa mwaka 2007, asilimia 44 ya wagonjwa walikuwa hai baada ya miaka 5; kwa wale ambao uvimbe wao ulitoka wote bila mabaki, 54. Mume wangu ni mtu wa kuuza mahindi, hesabu hazimpigi chenga: "Kumbe kazi yote ni kutoacha mabaki." Tangu siku hiyo mashemeji alijibizana nao yeye.

Kemo ilinifukuzia chakula chote isipokuwa mursik, maziwa yetu ya mgando. Mionzi ikanichoma koo, hata maji nilimeza nikifumba macho. Lakini bega lilianza kunyamaza kabla sijaguswa na kisu, kitu ambacho sindano zote zile hazikuweza.

Siku ya kisu madaktari walitoa sehemu ya juu ya pafu, mbavu za juu, na mzizi mmoja wa fahamu, T1. Nilikuwa nimeonywa: huo ukienda, mkono hulegea, ukienda na wa juu yake, C8, kiganja huharibika. Wa juu ulibaki. Majibu ya maabara yalisema kingo za nyama iliyokatwa ni safi, hakuna mabaki, na hapo mume wangu alilia kuliko mimi.

Kope halikuinuka tena. Nakamua kwa mkono wa kushoto; ng'ombe mmoja mkaidi hakukubali, tukamuuza. Miaka 5 sijaifikisha. Saratani hii ikirudi hupenda kukimbilia ubongo, kwa hiyo kichwa kikiniuma siulizi dawa dukani, napanda matatu ya asubuhi kwenda mjini.