Shanta la Usiku Mmoja katika Vilima vya Kirolirwe

Atokaye Sake, pale Ziwa Kivu linapoishia upande wa kaskazini-magharibi, akaishika barabara iendayo Kitchanga, hapati nafasi ya kuzoea mwendo: mlima huanza papo hapo. Uso wa ziwa uko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na vilele vingi vya Masisi hupita mita 2,000. Kwa hiyo nchi hubadilika mbele ya macho ya mpandaji. Migomba hupungua, upepo huwa mkali, na badala ya vichaka hutokea malisho: vilima vya mviringo vilivyofunikwa kwa majani mafupi, kimoja nyuma ya kingine, na ng'ombe wametawanyika juu yake, na huku na huko kibanda cha mbao cha mchungaji chenye moshi mdogo. Ndipo mtu hufika Kirolirwe. Wengine huandika Kilolirwe, na wenyeji hawagombani juu ya herufi hiyo. Mbele yake ni Burungu, kisha Kitchanga. Ukigeuka kutazama mashariki siku isiyo na mawingu, utaiona Nyamulagira, na kulia kwake Nyiragongo, milima miwili ya moto inayotawala nchi ile yote.

Kwenda na kurudi hakumalizwi na mtu wa miguu kwa siku moja, lazima alale. Na neno hilo, kulala, ndilo linaloleta swali la mzigo. Vijana wanaojitayarisha kwa safari ya namna hii huuliza sana juu ya viatu. Juu ya shanta hawaulizi kitu. Huchukua lile lililo karibu, au huazima la jirani, aghalabu kubwa kupita kiasi, kisha hulijaza kwa kuwa lina nafasi. Ajabu ya shanta kubwa ni hiyo: haliachi mahali patupu. Litaomba blanketi la pili, sufuria, jozi ya viatu vya Jumapili, na mwenyewe hataona aibu mpaka afike nusu ya mlima.

Kwa usiku mmoja, shanta la lita 30 hadi 40 latosha kabisa. Asiyejua kupima lita na atazame dumu la manjano ambalo kila nyumba ya Kivu huchotea maji: hilo ni lita 20. Basi shanta lako lisizidi ukubwa wa madumu mawili yaliyosimamishwa pamoja. Na uzito wake wote, pamoja na maji na chakula, usipite sehemu ya tano ya uzito wa mwili wako. Mtu wa kilo 60 asibebe zaidi ya kilo 12, na kwa kweli kilo 8 zamfaa zaidi. Mtoto apewe nusu ya kipimo hicho, yaani sehemu ya kumi ya uzito wake, hata akijisifu kwamba ana nguvu.

Hiyo sehemu ya tano si kipimo kilichookotwa njiani. Mwaka 1986 Profesa Maloiy wa Nairobi pamoja na wenzake walitangaza katika jarida la Nature habari ambayo iliwashangaza wataalamu wengi. Waliwapima wanawake wa Kenya waliozoea kubeba mizigo: Wajaluo wabebao kichwani, na Wakikuyu wabebao mgongoni kwa ukanda upitao kwenye paji la uso. Waliwatembeza juu ya mashine, wakapima hewa waliyoitumia. Ikaonekana kwamba mwanamke hao akibeba mzigo wa hadi sehemu ya tano ya uzito wake, mwili wake hautumii nguvu zaidi kuliko akitembea mikono mitupu. Askari wabebao mashanta, waliopimwa kwa njia kama hiyo, hawakuwa hivyo. Wao kila kilo waliilipia.

Apandaye kutoka Sake huwaona hao walimu wetu kila saa. Akina mama hushuka kwenda sokoni wakiwa na kitunga cha viazi mgongoni, au gunia la makala, na ukanda umekaza kwenye paji la uso, shingo imesimama, hatua fupi zisizokatika. Tumejaribu kufuatana nao wakati wa kupanda, nao wana mzigo mara tatu ya wetu. Walituacha, tena walikuwa wakizungumza. Hata hivyo hatumshauri msafiri aige ukanda huo wa paji la uso. Mama yule aliuanza akiwa mtoto, shingo yake imekua pamoja nao, na wengi wameulipia kwa alama isiyofutika katika mfupa wa kichwa na kwa maumivu ya uzeeni. Mtu wa mjini akijaribu kwa siku mbili atarudi na shingo isiyogeuka. Ustadi wao twaustahi. Taabu yao hatuipambi maneno matamu.

Kwa sisi wengine, mahali pa kuweka mzigo ni nyonga. Jambo hili lilichelewa kufahamika. Mnorwe Ole Bergan alitengeneza shanta lenye kiunzi mwanzoni mwa karne ya 20, ili mzigo usilale ovyo juu ya mgongo, na mwaka 1952 Mmarekani Dick Kelty alianza kuuza mashanta yenye kiunzi cha aluminiamu na mshipi wa kufunga kiunoni. Tangu hapo msafiri hakulazimika tena kuning'iniza kila kitu mabegani. Mshipi huo ukifungwa sawasawa, juu kidogo ya mifupa ya nyonga, sehemu kubwa ya uzito hukaa juu ya miguu, na kanda za mabegani hubaki na kazi ya kulizuia shanta lisiyumbe. Shanta lisilo na mshipi wa kiunoni lafaa kwa daftari za shule. Kwa mlima wa Kirolirwe halifai.

Katika mitumba ya Goma hupatikana mashanta mazuri kwa bei ya kiasi, lakini mnunuzi asione haya kulijaribu. Apimwe kwanza mgongo na mwenziwe, kuanzia mfupa utokezao shingoni hadi usawa wa mifupa ya nyonga. Huo ndio urefu unaotakiwa, wala si urefu wa mtu mzima. Wako watu warefu wenye mgongo mfupi. Kisha aombe viazi vya muuzaji wa jirani, kilo 8 hivi, avitie ndani, afunge mshipi, atembee mpaka mwisho wa soko na kurudi. Watu watacheka. Mabega yakianza kuuma hapo sokoni, mlimani hayatapona. Mwishowe alinyanyue kwa ukanda mmoja na kutazama mshono unaposhikana na mfuko: uzi ukiwa umeanza kukatika mahali hapo, aliache, hata likiwa zuri namna gani.

Rangi nayo si jambo dogo huku kwetu. Mitumba huleta mashanta mengi ya kijeshi, ya kijani na ya mabaka, nayo ni imara kweli, tena rahisi. Usiyanunue. Katika nchi ambayo kila kilima kimeona askari wa namna namna, mtu mwenye shanta la mabaka hutazamwa mara mbili katika kila kizuizi, na wale watazamao wana bunduki. Hawatakuuliza kama ulilinunua sokoni. Chukua la buluu, jekundu, la njano, lolote litakalomwambia mtu kwa mbali kwamba huyu ni raia anayekwenda zake. Tunasema hivi kwa sababu wazazi wengi huona kijana wao amepata kitu cha bei nafuu, wakafurahi, nao hawafikiri zaidi.

Adui wa pili ni mvua. Masisi hunyesha sehemu kubwa ya mwaka, na mchana uliokuwa mweupe waweza kugeuka katika nusu saa. Shanta la turubai hunywa maji na kuwa zito. La nailoni hulitangulia kwa hilo, lakini hata hilo huvuja penye mishono na zipu. Dawa ni nyepesi. Tia ndani ya shanta mfuko mkubwa wa nailoni usiotoboka, upange vitu vyako humo, uufunge mdomo kwa kuuzungusha. Kifuniko cha nje upepo hukichukua. Mfuko wa ndani hauendi popote. Usiku wa vilima vile ni baridi, na mtu mwenye blanketi lililolowa yu katika hatari kuliko asiye na blanketi kabisa, maana yule wa pili hukaa karibu na moto, na huyu hujifunika maji.

Juu ya kupanga hatuna mengi. Kizito kikae karibu na mgongo, kati ya mabega. Chepesi, kama sweta na blanketi, kikae chini. Koti la mvua juu kabisa, lipatikane bila kufungua kingine. Maji lita mbili, ambayo ni kilo mbili. Viazi vya kuchemsha, chumvi, na kipande cha jibini ya Masisi, ile ya mviringo iuzwayo mpaka Goma na mbali zaidi: chakula kisichoharibika upesi, kisichomwagika, na ambacho waweza kukinunua huko huko juu kwa mtu aliyemkama ng'ombe wake. Tochi. Sabuni usibebe nzima.

Tuliizoea njia hii katika miaka yenye utulivu kidogo. Waasi wa M23 waliitwaa Kitchanga mwezi wa Januari 2023, na Sake mwezi wa Januari 2025, na katikati ya tarehe hizo vilima hivi vilipiganiwa mara nyingi. Atakaye kupita huko aulize kwanza kwa watu wa mahali, tena aulize wawili watatu. Kwa njia nyingine za milima, iwe Usambara au miguuni pa Ruwenzori, maneno yetu juu ya shanta yatafaa vilevile.

Lakini kuna msafiri mwingine wa usiku mmoja, ambaye hakupanga safari yake. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipasuka, na alfajiri ya tarehe 27 serikali iliamuru mitaa kumi ya Goma ihamwe. Watu wapatao 400,000 waliondoka, na wengi wao walikwenda Sake, wengi kwa miguu, wakalala mashuleni, makanisani na penye baraza za watu. Wengi walidhani watarudi kesho yake. Ruhusa ya kurudi ilikuja mwanzoni mwa mwezi wa Juni. Na Kirolirwe yenyewe mwaka 2008 ilikuwa na makambi ya watu waliokimbia vita, ambao nao waliondoka makwao na kile ambacho mgongo mmoja uliweza kuchukua.

Ndiyo sababu, msafiri akisharudi kutoka mlimani na kulianika shanta lake, hatumshauri alitupe darini. Alitundike karibu na mlango, likiwa na blanketi moja kavu, tochi, dumu dogo la maji, dawa za yule aliye mgonjwa nyumbani, na chini kabisa, ndani ya nailoni iliyofungwa mara mbili, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na kadi ya uchaguzi, ambayo kwa Mkongo wengi ndiyo karatasi pekee ya kujitambulisha. Mama wa nyumba na alijaribu mwenyewe mgongoni, afunge mshipi, aone kama aweza kulibeba huku amemshika mtoto kwa mkono. Likimshinda, apunguze.