Kuchemka na Kuchemsha: Somo Kutoka Gereji ya Nyamongo

Fundi wa magari huku Mara akiona mvuke ukifuka chini ya boneti, hana maneno mengi. Husema, “Gari imechemsha.” Mwanasarufi angependa gari likae katika ngeli yake ya LI-YA, kisha angeuliza: limechemsha nini? Kitenzi *chemsha* kiko katika kauli ya kutendesha, nacho kinadai mtenda na mtendwa. Mama anachemsha chai, chai inachemka. Katika kauli ya fundi mtendwa hatajwi, lakini yupo: ni maji yaliyomo ndani ya rejeta.

Jozi hii ina ndugu wengi: *waka* na *washa*, *amka* na *amsha*, *kauka* na *kausha*, *anguka* na *angusha*. Upande mmoja jambo linatokea. Upande wa pili kuna anayelisababisha. Mtaani *chemsha* imepata hata maana ya ziada, yaani kushindwa vibaya: mtahiniwa aliyefeli “amechemsha”. Ila leo nataka kuzungumzia jozi hii ya kwanza, kwa sababu tofauti ya silabi moja ndiyo iliyookoa injini ya Toyota Corolla ya mwaka 1993 aliyotuachia marehemu baba.

Kila mwezi ninampeleka mama kliniki ya macho Tarime, tukitokea Mugumu. Barabara huvuka Mto Mara, ule utokao nyanda za Mau nchini Kenya kuelekea Ziwa Victoria, ikapita Nyamongo, kisha ikaanza kupanda kuelekea milima ya Tarime. Ni katika kupanda huko gari lilianza kumwaga maji. Safari tatu mfululizo mama aliketi kando ya barabara juu ya kidumu, kitambaa machoni, akingoja injini ipoe. Safari ya tatu alisema afadhali macho yamwishie nyumbani kuliko njiani.

Gereji moja ilitoa hukumu bila swali hata moja: gasketi ya silinda hedi imeungua, injini ifunguliwe. Gharama yake ingemeza mshahara wangu wa ualimu wa mwezi mzima na kubakiza deni. Nikaenda kwa mzee mmoja, fundi wa Nyamongo. Yeye alianza kwa kuuliza.

“Mwalimu, inachemsha ikiwa imesimama, au ikitembea?”

“Ikipanda mlima, mzee. Mjini Mugumu haina shida.”

“Na mshale wa joto unafika wapi?”

“Unapita katikati kidogo tu. Haujagusa nyekundu hata siku moja.”

Alinyamaza, kisha akacheka. “Basi gari haichemshi, mwalimu. Maji ndiyo yanayochemka.”

Nimefundisha kauli za vitenzi kwa miaka kumi na minne, na sijapata kusikia mfano bora kuliko huo.

Gari linalochemsha kwelikweli limezidiwa na joto lake, na kila kasoro huwa na dalili zake. Feni isipozunguka, mshale hupanda gari likisimama na kushuka likishika mwendo, kwa kuwa upepo wa safari hufanya kazi ya feni. Rejeta ikizibwa na kutu au chokaa ya maji ya kisima, joto hupanda mlimani na katika mwendo wa kasi. Themostati ikigoma kufunguka, injini huunguza ilhali mpira wa chini wa rejeta umebaki baridi. Gasketi ikiungua, maji hupungua pasipo kuonekana yanakovuja, oili huweza kugeuka rangi ya chai ya maziwa, na mapovu hupanda mfululizo kwenye mdomo wa rejeta.

Maji kuchemka ni kisa kingine. Kwenye usawa wa bahari maji huchemka yakifika nyuzi joto 100. Kila tupandapo mita 300 hivi, kiwango hicho hushuka kwa takriban nyuzi moja. Ziwa Victoria lenyewe liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Tarime iko juu zaidi, kwa hiyo sufuria ya huku huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Injini yenye afya hufanya kazi karibu na joto hilohilo. Kinachoyazuia maji yake yasichemke ni mfuniko wa rejeta: springi yake huyabana maji kwa shinikizo, hata yakaweza kupita nyuzi 110 yakiwa bado maji. Springi ikilegea, injini isiyo na kosa hushitakiwa.

Mzee hakutegemea maneno peke yake. Tulingoja hadi asubuhi injini ipoe kabisa, maana mfuniko wa rejeta yenye moto haufunguliwi. Akachomoa kijiti cha oili: safi. Akamwambia kijana wake, “Mura, washa.” Injini ikanguruma mfuniko ukiwa wazi, na mapovu hayakupanda. Kisha akabonyeza springi ya mfuniko kwa kidole gumba, ikazama kama godoro kuukuu. Mpira wake ulikuwa umekauka na kupasuka. Mfuniko mpya ulinigharimu fedha zisizotosha kilo mbili za nyama. Tangu hapo tumepanda mlima ule mara saba, na mama hajashuka garini kabla ya mlango wa kliniki.

Nawaandikia watunzi wenzangu haya kwa sababu maneno haya mawili yana mizani tatu kila moja: che-m-ka, che-m-sha. Unaweza kulitoa moja na kulitia jingine, mshororo usipungue wala kuzidi, ilhali mtenda amegeuka kabisa. Kwa hiyo kabla ya kuandika kwamba moyo unachemka au unachemsha, tuulize kama alivyouliza mzee wa Nyamongo: lini, wapi, na mshale umefika wapi? Wenye jozi nyingine za namna hii kutoka kwa mafundi, wavuvi au wapishi wa kwao, nitashukuru wakiniletea.