Sauti Ndani ya Simu: Fikra za Mwalimu Mtarajiwa

Wahenga walilonga kuwa mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Nami siombi pole kwa haya ninayoyasimulia, bali nayasimulia ili mwenzangu anayejiandaa kuingia darasani asiurudie mwiba uo huo.

Mwaka 2013 serikali yetu iliwaahidi watoto wa darasa la kwanza vipakatalishi. Kuanzia mwaka 2016 ahadi hiyo ilitimizwa kwa sura nyingine, vishikwambi vikasambazwa katika shule za msingi za umma. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, nao ukautia ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Hata hivyo, katika shule moja karibu na msitu wa Kakamega nilikofanyia mazoezi ya kufundisha, vishikwambi vilikuwa kabatini, na ufunguo haukujulikana uliko. Nilichokuwa nacho ni simu yangu ya mkononi.

Somo lilikuwa matamshi. Wengi wa wanafunzi wangu lugha yao ya kwanza ni Kiluhya, na sauti ghuna ziliwatatiza: 'bata' likawa 'pata', 'doa' likawa 'toa'. Nikamrekodi kila mmoja, kisha nikaicheza sauti yake mbele ya darasa zima. Nilidhani nimevumbua mbinu. Darasa likaangua kicheko. Msichana mmoja, ambaye mkono wake ndio uliokuwa wa kwanza kuinuka kila siku, aliinamisha kichwa. Wiki hiyo yote hakuuinua tena.

Usiku nilijiuliza: je, ubao na chaki vingemwaibisha kiasi hicho? La hasha. Chaki haihifadhi kosa la mtoto na kulirudia.

Jumatatu iliyofuata niligeuza mambo. Mimi mzaliwa wa Kilifi niliwaomba wanifunze salamu na majina ya miti kwa lugha yao, nikajirekodi na kuwachezea. Walicheka hadi machozi, na yule msichana akawa wa kwanza kunisahihisha. Kisha nikamkabidhi simu, nikamwonyesha namna ya kurekodi na kufuta, nikamwacha chini ya mti na jozi kumi za maneno. Alirekodi, akasikiliza, akafuta, akarekodi tena. Kengele ilipolia alinijia mbio.

"Mwalimu, sikiza hii. Zile nyingine nimezifuta."

Bata lilikuwa bata.

Simu haikubadilika baina ya wiki hizo mbili. Kilichobadilika ni mkono ulioishika, na nani aliyekuwa na hiari ya kufuta. Wasomi wenzangu, tunapodai vifaa zaidi kwa shule zetu, na tuvidai kwa dhati. Ila tukishavipata, tujiulize kwanza: mtoto akikosea mbele ya kifaa hiki, ni nani atakayemsikia?