Mchezo Uliokosa Neno "Hodi"



Likizo iliyopita tulirudi nyumbani Nyakahura, mafrateri watatu, tukiwa na kompyuta moja ya mkononi na wazo tuliloliona zuri kuliko lilivyokuwa. Tulitaka kuwatengenezea vijana wa VIWAWA mchezo wa kuchezwa na wengi kwa wakati mmoja, usio na picha hata moja. Maneno tu. Simu inakuandikia: "Uko njia panda. Mbele yako kuna lori la mahindi limeharibika." Unaandika utakachofanya, na mwenzako aliye njia panda hiyo hiyo anakiona.

Michezo ya namna hiyo ni mikongwe kuliko sisi. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw alianza kuandika mchezo ulioitwa MUD, na mwenzake Richard Bartle akauendeleza. Sisi tuliufuata mtindo huo kwa sababu ya mfuko mtupu: maneno ni mepesi, simu ya bei ndogo inayamudu, na kompyuta yetu ilirusha mtandao wake yenyewe mle ukumbini, bila mtu kununua bando.

Dunia ya mchezo ilikuwa ya kwetu: barabara ya Lusahunga hadi Rusumo, malori ya Rwanda na Burundi, migomba, pori, na hazina iliyofichwa.

Jioni ya kwanza binti mmoja alifika kwenye nyumba ya bibi mzee, akaandika: "hodi". Mchezo ukamjibu: "Sijaelewa." Akaandika "hodi hodi". "Sijaelewa." Akaiweka simu kwenye benchi. Mwingine aliandika "naomba maji", na mchezo ulijua "chukua maji" tu. Tulitazamana. Tulikuwa tumejenga dunia ambayo mtu anaingia bila hodi na kuchukua bila kuomba, tena kwa Kiswahili!

Usiku ule tulirekebisha. Sasa ukibisha hodi kwenye nyumba yenye mchezaji ndani, mlango haufunguki mpaka yeye aandike "karibu". Kesho yake hazina ilisahaulika. Kwa nusu saa nzima watu walibishiana hodi, wakanyimana, wakabembelezana, wakacheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Baadaye tulikumbuka makala ya Bartle ya mwaka 1996, inayowagawa wachezaji kama karata. Wa uru hutafuta mali, wa shupaza hufukua yaliyojificha, wa kopa hufuata watu, na wa rungu hupiga wenzao. Tuliandaa mchezo kwa ajili ya uru na shupaza. Kumbe ukumbi ulijaa kopa.

Na rungu walikuwepo. Tulikuwa tumeweka amri ya "teka", na kusema kweli tuliionea fahari. Jumamosi vijana wanne walijificha porini, wakateka kila aliyepita. Kelele na vifijo. Kijana mmoja alipotekwa hakucheka. Alisimama, akatoka nje, hakurudi.

Wasomaji wa huku wanaikumbuka miaka ambayo mabasi yalisindikizwa na polisi wenye bunduki katika barabara ile. Nyumbani kwa kijana yule kuna mtu aliyeondoka asubuhi hakufika alikokwenda. Tulikuwa tunajua. Wote watatu tulikuwepo msibani.

Tulibishana hadi usiku wa manane. Mmoja wetu alisema mchezo usio na hatari haumwiti mtu, na hakukosea. Lakini nani aliyesema hatari lazima iwe mtu kumvizia mtu? Tukaifuta "teka", tukaleta mvua: lori limezama kwenye tope, halitoki mpaka wachezaji watano waandike "sukuma" kwa pamoja, na giza linaingia. Vijana wale wanne walinuna siku mbili. Siku ya tatu ndio waliokuwa wakiita watu waje kusukuma.

Kwa kijana yule tulikwenda kwa miguu kuomba radhi. Mama yake alitukaribisha, akatupa ndizi, hakuuliza kitu. Yeye alitusikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama lile basi la alfajiri bado limo kwenye mchezo. Limo, tukasema. Akasema vituo viwili tumevipanga vibaya, akatuchorea kwa kijiti chini.

Tumevirekebisha.